Vyakula Vigeni katika Vyungu vya Upare

Wapare wakitajwa, chakula kinachotajwa nao ni makande. Ni mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na maharage kwa saa nyingi, yakatiwa chumvi, na penye neema yakaongezwa maziwa, samli au tui la nazi. Chakula hiki huliwa msibani, huliwa shambani, na mgeni akikaribishwa nyumbani Same au Mwanga si ajabu akakikuta mezani. Lakini katika chungu hicho cha nyumbani hakuna zao kuu hata moja lenye asili ya Afrika. Mahindi na maharage yote mawili yalianza kulimwa Amerika, na hayakuvuka bahari mpaka Wareno na Wahispania walipoanza safari zao mwishoni mwa karne ya 15.

Historia ya chakula katika Milima ya Pare, pamoja na tambarare ya Maore, Kisiwani na Ndungu iliyo chini yake, ni historia ya watu walioletewa vitu vigeni wakavionja. Vingine walivikubali hadi ugeni wake ukasahaulika. Vingine walivila kwa shida, na shida ilipopita wakaviacha. Kwa sehemu kubwa, kilichoamua ni kama kitu kilikuja na mbegu yake au kilikuja ndani ya gunia tu.

Maore, ambayo wengi huiita Gonja Maore, iko chini ya mteremko wa mashariki wa Pare Kusini, katika Wilaya ya Same. Nyuma yake mlima hupanda kwa ghafla kuelekea Gonja na Mamba, na kilele cha Shengena katika msitu wa Chome hufika mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake ni nyika ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na baadaye ikafanywa hifadhi ya taifa. Mtu akitoka msituni kwenye baridi na ukungu hushuka kwa mwendo wa nusu siku tu akafika kwenye joto la mikwaju na mibuyu. Mlimani mvua ni nyingi na migomba hustawi, ilhali tambarare hupata mvua haba na mazao huko hutegemea vijito vinavyoshuka. Watu wa mlimani na wa tambarare hawajawahi kula sawasawa, na tangu zamani walihitajiana. Magulio ya chini ya mlima yalikuwa mahali ambapo ndizi na magimbi vilikutana na nafaka, maziwa na mifugo, na vitu vya pwani vilipoanza kufika, vilianza kuonjwa katika magulio hayohayo.

Kabla ya mahindi, nafaka za Upare zilikuwa mtama na ulezi, zote mbili za Afrika. Kunde nazo ni za Afrika. Watu walikuwa na asali, maziwa na nyama ya mbuzi na ng'ombe, na porini walipata swala na ndege. Jembe la chuma lilifuliwa hukohuko. Ukoo wa Washana ulisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe ya Upare yalibadilishwa kwa mifugo na majirani wa Kilimanjaro. Wenye majembe mazuri waliweza kuchimba mifereji, na wenye mifereji waliweza kujaribu mazao ambayo mvua peke yake isingeyalea.

Ndiva zilizolisha mifereji hiyo zinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana bila hizo mazao mengi ya kigeni yasingepata pa kushika. Ndiva ni bwawa dogo linalojengwa kwa udongo na mawe kwenye mteremko, chini ya chemchemi au pembeni ya kijito. Usiku maji huachwa yaingie na kujaa. Asubuhi mlango wa ndiva hufunguliwa na maji hushuka kwa nguvu katika mfereji hadi mashambani, ambako kila mwenye zamu huyageuzia kwenye matuta yake kwa jembe. Kijito chembamba ambacho kingepotelea mchangani hupata kasi ya kufika mbali. Zamu zilipangwa na wazee wa mfereji kwa kufuata koo, na aliyeiba maji au kukwepa kazi ya kuzibua mfereji alitozwa faini. Kwa utaratibu huo mkulima wa mteremko mkavu aliweza kuhatarisha kipande cha shamba kwa zao asilolijua, kwa kuwa mvua ikikatika mapema angeweza kuliokoa kwa maji ya ndiva.

Wageni wa kwanza katika chungu cha Upare walitoka mashariki, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Migomba ilianza kulimwa Asia ya kusini mashariki, na imekuwapo Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 1,000. Magimbi nayo ni ya Asia, na miwa asili yake ni kisiwa cha New Guinea. Mazao haya matatu yalipenda maji na kivuli cha mlimani, yakajaza mabonde ya Usangi, Ugweno na Gonja kiasi kwamba hakuna kumbukumbu ya simulizi inayoyataja kama mageni. Miwa ilifika mbali zaidi ya mdomo. Juisi yake ilichachushwa ikawa dengelua, pombe iliyonywewa na wazee katika mashauri, iliyolipiwa faini, na iliyomwagwa chini katika matambiko ya kuwaita mizimu. Zao la visiwa vya Pasifiki liliingia katika jambo zito kuliko yote katika maisha ya Mpare, yaani mazungumzo na waliotangulia.

Wimbi la pili lilitoka Amerika. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, maharage, karanga, maboga na pilipili vililetwa kwenye pwani za Afrika na mabaharia kuanzia karne ya 16. Kuyasambaza bara ilikuwa kazi ya muda mrefu, na katika bonde la Pangani kazi hiyo ilichangamshwa na misafara ya karne ya 19. Kutoka Pangani na Tanga, wafanyabiashara wa pwani walipanda kufuata mto na miguu ya milima, wakitafuta pembe za ndovu Kilimanjaro na Umaasaini, na baadaye watumwa. Njia moja ilipita mashariki ya Pare, kwa Gonja na Kisiwani. Msafara wa wapagazi mamia ulihitaji kula kila jioni, na haukubeba chakula cha safari nzima. Ulikinunua njiani kwa shanga, kaniki na chumvi.

Mahindi yalifaa soko hilo kuliko nafaka nyingine. Hukomaa mapema kuliko mtama wa siku zile, huweza kuliwa mabichi kwa kuchomwa kabla ya kukauka, na punje yake imefunikwa kwa maganda yanayowazuia ndege. Anayelima ulezi au mtama hulazimika kuweka watoto shambani kutwa nzima wafukuze ndege kwa kombeo na kelele. Anayelima mahindi hupumzika na kazi hiyo, na watoto wake wanaweza kutumwa kwingine. Familia iliyokuwa na watoto wachache iliona tofauti hiyo upesi. Hivyo mahindi yalianza kama zao la kuuzia wageni, na taratibu yakahamia kwenye chungu cha mwenye shamba.

Kilichofanywa na mahindi hayo jikoni ni ugunduzi wenye thamani kubwa. Punje kavu hunyunyiziwa maji kidogo, hutiwa kwenye kinu na kutwangwa kwa mchi, kwa uangalifu, mpaka ganda la nje libanduke bila punje kuvunjika. Hupepetwa kwa ungo, makapi hupewa kuku au mbuzi, kisha mahindi huoshwa na kutelekwa mafigani. Maharage hufuata, kila mpishi na muda wake, na wengine huanza nayo pamoja. Kama kuni ni chache, huongezwa magadi kidogo ili mbegu ngumu zilainike upesi, ingawa wapishi wazoefu hulalamika kwamba magadi yakizidi huharibu ladha na rangi. Chungu huachwa kwenye moto mdogo saa tatu, nne, hata zaidi. Mwanamke aliyekitia mafigani anaweza kwenda kwenye mfereji kungoja zamu yake ya maji, akarudi akakikuta kinaendelea kuiva. Ugali haukubali kuachwa hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi wa Upare walilipata kwa mikono na ambalo wataalamu wa lishe walilieleza baadaye kabisa. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, na watu wanaoishi kwa mahindi matupu hupata pelagra, ugonjwa wa ngozi na akili uliosumbua wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia katika karne ya 18 na 19, na wa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Wenyeji wa Meksiko hawakuupata, kwa kuwa walichemsha mahindi na chokaa, wakayala na maharage. Wazungu walichukua mbegu za mahindi wakaacha upishi wake. Huku Upare, mahindi na maharage, ambayo huko Amerika hupandwa shamba moja tangu kale, yalikutana tena ndani ya chungu kimoja. Maharage hutoa lisini ambayo mahindi hayana ya kutosha. Mchanganyiko wa aina hiyo umeibuka sehemu nyingi za Afrika Mashariki: Wakikuyu wana githeri, Wakamba wana muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa, na pwani hupikwa pure. Lakini Upare ndiko ulikopewa heshima ya kuwa chakula cha kutambulishana.

Si kwamba mtama na ulezi vilitupwa mara moja. Nafaka hizo zilibaki katika uji, katika pombe na katika matambiko kwa muda mrefu, na kilichozisukuma pembeni kilikuwa na uchungu. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai wa Usambara mwaka 1862, ugomvi wa urithi uligeuka kuwa vita, na Semboja wa Mazinde akawa mtu wa bunduki na biashara ya watumwa. Pare Kusini iliteseka kwa uvamizi. Watu wa tambarare walipanda mlimani, mashamba ya chini yakaota miiba. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe karibu Afrika Mashariki yote, nzige wakafuata katikati ya muongo huo, na kati ya 1898 na 1900 ukame ulileta njaa kubwa kaskazini mashariki mwa nchi. Wakati wa namna hiyo watu hula visivyoliwa: mizizi ya porini inayopaswa kulowekwa siku kadhaa ili sumu itoke, majani machungu, ngozi kavu zilizochemshwa, na nzige wenyewe. Vyakula hivyo havikupata nafasi katika chungu cha kawaida mvua ziliporudi. Ila muhogo ulijipatia sifa. Nzige huula majani, lakini hawawezi kufikia mzizi ulio ardhini, na baadaye serikali ya kikoloni ya Kiingereza ililazimisha wakulima wa Tanganyika kuupanda kama akiba ya njaa. Kwenye tambarare kavu ulikubalika, lakini mlimani, wenye migomba hawakuuona kuwa chakula cha kujivunia.

Wajerumani waliingia katika hali hiyo ya uchovu. Pamoja na boma na kodi walileta bustani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walikuwa wameshakita Kilimanjaro na wakaendelea hadi Upare, na mwaka 1902 serikali ilianzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, kilichojaribu mimea ya dunia nzima na kugawa miche. Kabichi, karoti, vitunguu vya Ulaya na viazi mviringo vilianza kuonekana kwenye nyuga za misheni, kisha kwenye mashamba ya waumini. Inafaa kukumbukwa kwamba viazi hivyo havikuwa vya Wajerumani pia. Vilitoka milima ya Andes, na babu za wamisionari hao walivikataa kwa muda mrefu. Mwaka 1756 Frederick wa Pili wa Prussia alilazimika kutoa amri ili wakulima wake wavipande. Upare havikuhitaji amri. Vilikuta baridi ya mlima, udongo mweusi na maji ya mfereji, vikaingia kwa mama wa nyumbani kama kitoweo cha kuchanganya na ndizi.

Mabadiliko makubwa zaidi ya wakati ule hayakuwa ya zao jipya. Mnamo Novemba 1903 wamisionari wawili Waadventista Wasabato, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Pare Kusini na kufungua kituo Giti, katika nchi ya Mamba, mlima uleule ulio juu ya Maore. Hiki ndicho kituo cha kwanza cha Wasabato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kutoka hapo imani hiyo ilienea Suji, Kihurio na vijiji vingi vya Same, na pamoja nayo ikaja sheria ya chakula. Kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11, nguruwe ni najisi. Samaki asiye na mapezi na magamba haliwi, kwa hiyo perege anaruhusiwa na kambare anakatazwa. Pombe, tumbaku, kahawa na majani ya chai vimewekwa kando. Chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa kabla ya jua kuzama, na makande, ambayo hayaharibiki upesi na yanayopendeza hata yakipashwa moto, yaliifaa desturi hiyo.

Hapa ndipo dengelua ilipogawanya nyumba. Mzee aliyebaki katika mila aliona kuikataa ni kuwakataa waliozikwa. Kijana aliyebatizwa aliona kuinywa ni kurudi nyuma. Misikiti ya Usangi, Ugweno na vijiji vya njia ya misafara nayo ilikuwa ikikataza pombe na nguruwe, hivyo Mwislamu wa Kisiwani na Msabato wa Mamba walijikuta wakikubaliana juu ya mambo mengi ya sahani kuliko Msabato na Mlutheri wa Gonja. Kwa samaki waliachana. Mwislamu angeweza kula kambare, Msabato asingeweza. Katika kijiji kimoja chenye dini tatu, mwenye sherehe alipaswa kujua mgeni gani anakula nini, na ustadi huo wa kupanga vyungu tofauti kwa watu mbalimbali bila kumwaibisha yeyote ni sehemu ya utamaduni wa Upare isiyoandikwa vya kutosha.

Kahawa ilileta hali ya pekee. Ilienea mlimani wakati wa Waingereza, na Chama cha Ushirika cha Vuasu, chenye makao yake Same, kiliwakusanya wakulima wake. Familia nyingi za Wasabato zilipalilia mibuni, zikachuma, zikakoboa na kuuza, zikasomesha watoto kwa fedha hizo, na hazikuonja kikombe hata kimoja. Kwao kinywaji cha asubuhi kilikuwa maji ya mchaichai, jani lenye harufu ya limau lililotoka Asia, au uji.

Samaki nao walikuwa na historia yao. Jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki, Wamaasai wakiwa mfano mashuhuri, hazikula samaki kabisa, na wafugaji waliopita Upare walikuwa na mwiko huohuo. Kwenye Ziwa Jipe na kando ya Pangani kulikuwa na wavuvi, lakini samaki hakuwa kitu cha kila siku kwa mtu wa mlimani. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa katikati ya miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani, samaki walizaliana kwa wingi ajabu, na wavuvi kutoka mbali wakahamia huko. Perege wa kukaushwa na kukaangwa walipanda mlimani kwa baiskeli na magari. Dagaa wa Kigoma walifuata kwa reli na mabasi. Ndani ya kizazi kimoja kitu ambacho bibi alikitazama kwa shaka kikawa kitoweo cha Jumanne.

Reli ndiyo iliyofungua mlango kwa vyakula vya dukani. Ilianza Tanga mwaka 1893, ikajengwa polepole kupitia Korogwe na Mombo, na kufika Moshi mwaka 1911. Same ilikua kandokando ya kituo chake. Maduka ya Wahindi yalileta ngano, sukari, chai, mchele wa meli, mafuta ya taa na bati. Mashamba makubwa ya mkonge ya tambarare, likiwemo la Ndungu, yaliwaleta vibarua kutoka kusini na magharibi ya nchi, waliolipwa kwa fedha na posho ya unga. Kambini mtu hakuwa na kinu wala saa nne za kungoja makande. Ugali wa unga wa mashine, unaoiva kwa dakika chache, ulifuata mshahara, na ndiyo maana ugali wa sembe katika Upare una harufu ya kazi ya kulipwa kuliko harufu ya nyumbani.

Ngano ni kesi inayovunja kanuni iliyotajwa mwanzoni. Ilifika ndani ya gunia, haikuwahi kulimwa kwa maana Upare, na bado ilibaki. Chapati na maandazi yalishika kwa sababu yalikuja pamoja na chai na sukari, na kwa sababu mwanamke aliyekuwa na kikaango na unga kilo mbili aliweza kuanzisha biashara barazani kesho yake asubuhi. Gunia lilidumu kwa kuwa lilizalisha kazi.

Mchele ulipitia njia mbili. Kwa muda mrefu ulikuwa chakula cha Idi, harusi na mgeni wa heshima, uliojulikana kupitia watu wa pwani. Kisha ukapata ardhi. Bonde lililo chini ya Gonja lina maji yanayoshuka kutoka msitu wa juu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi mkubwa wa umwagiliaji ulijengwa Ndungu kwa msaada wa Japani, ukiwa na mifereji ya saruji na majaruba yaliyosawazishwa. Maore na Kihurio nazo zinalima mpunga. Mkulima wa bondeni aliyezaliwa katika makande sasa hupeleka mpunga mashineni, na wali ambao babu yake aliungoja mwaka mzima huliwa katikati ya wiki. Mabishano ya maji kati ya wa juu na wa chini, ambayo zamani yalisuluhishwa na wazee wa ndiva, sasa hufika pia kwenye ofisi za bonde na mahakama.

Katika miaka ya uhaba, kuanzia ukame wa 1974 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Watanzania wengi walikutana na vyakula vigeni kwa namna ya kulazimika. Mahindi ya manjano yaliingia kwa meli kutoka Marekani. Unga wake uliitwa unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi ya klabu hiyo ya Dar es Salaam, na jina hilo limedumu kuliko unga wenyewe. Katika shule ilipikwa bulga, ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupondwa, iliyoletwa kama msaada. Watu walioila wakiwa watoto wanaikumbuka vizuri. Kwa lishe, vyote viwili vilikuwa sawa na vyakula vingine, na mahindi ya manjano yana kiini cha vitamini A ambacho meupe hayana. Lakini viligawiwa kwa foleni, havikupandwa na yeyote aliyevila, na vilibeba kumbukumbu ya kukosa. Mavuno yalipotengemaa, vilitoweka mezani bila kumbukumbu ya kuvitamani.

Wakati huohuo makande yalikuwa yakisafiri upande wa pili. Shule za bweni na makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, yalihitaji chakula cha kushibisha mamia kwa sufuria moja, bila nyama. Mahindi na maharage yalitosha. Vijana wa Mtwara, Bukoba na Zanzibar waliokutana katika mabweni hayo walikuwa wageni kwa vyakula vya wenzao: mtu wa Kagera aliyezoea senene, mtu wa kusini aliyekula panya wa shambani, mtu wa pwani aliyemsifu pweza. Kila mmoja alishangaa sahani ya jirani yake. Makande waliyala wote, mara nyingi kwa manung'uniko, kwa kuwa ya shule hayakukobolewa na mara nyingine yalikuja na wadudu wa ghalani. Kwa wengi makande yaliyofahamika ni hayo. Mpare aliyekulia kwenye ya nyumbani, yaliyokobolewa na kutiwa maziwa, huona kwamba wenzake wamehukumu chakula chake kwa kuonja nakala iliyoharibika, na ana haki ya kuona hivyo.

Tangu miaka ya 1990 mlima umepokea tena zao la kutoka Asia. Tangawizi ilishika kwa nguvu katika eneo la Mamba Miamba, kwenye mashamba ya kivuli yenye maji ya kutosha, kwa sababu bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na tangawizi inabebeka kichwani hadi barabarani. Kiwanda cha kuichakata kilijengwa hukohuko Mamba Miamba. Chai ya tangawizi, isiyo na majani ya chai, imewafaa Wasabato. Parachichi, lililotoka Amerika ya Kati na kukua miaka mingi kando ya viambaza vya nyumba likiliwa na watoto na nguruwe wa wasiokatazwa, sasa hununuliwa na madalali.

Mashine za kukoboa zimeondoa mchi katika nyumba nyingi, na mahindi yaliyokobolewa huuzwa sokoni kwa debe, tayari kwa chungu. Mbegu nazo zimebadilika. Kwenye tambarare ya Same, Katumani, mbegu ya muda mfupi iliyotengenezwa Machakos nchini Kenya kwa ajili ya nchi kavu, ilipata wakulima kwa kuwa mvua za vuli hazingoji mtu. Hata hivyo mahindi hukauka mara kwa mara, na maofisa wa kilimo wamekuwa wakiwahimiza wakulima wa chini warudie mtama. Wakulima hujibu kwamba ndege watawamaliza, na watoto wa kufukuza ndege sasa wako shuleni. Ulezi umerudi kwa njia nyingine, kama unga wa lishe wa watoto wachanga, uliosagwa na karanga na soya, ukafungwa kwenye pakiti na kuuzwa madukani. Familia nyingi za Maore zinaununua kama kitu kipya kilicholetwa na wataalamu wa kliniki, na mama hupewa maelekezo ya jinsi ya kuupika.